Nilikuwa Mbele ya Kaka Kwenye Ngazi

Jumapili, 3 Februari

Nimemkosea kaka yangu Solofo. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Jana asubuhi tulitoka kutembea kama Jumamosi zote. Daktari alimwambia atembee kwa sababu ya sukari, mimi namsindikiza. Njia ni ileile. Tunazunguka ziwa la Anosy, tunakatiza Mahamasina penye uwanja wa mpira, tunapanda zile ngazi za mawe hadi bustani ya Andohalo. Hapo kahawa. Halafu tunateremkia bustani ya Ambohijatovo. Yeye mbele, mimi nyuma. Ndivyo tulivyolelewa — mdogo hampiti mkubwa. Ukilazimika kumpita unainama, unatanguliza mkono, unaomba radhi.

Manyunyu. Mawe yameota kijani. Kaka kila baada ya ngazi chache anasimama, anasalimia. Mama wa vitumbua — mumeo hajambo? Na lile paa, bado linavuja? Nimesimama nyuma yake, nimelikodolea macho koti lake. Vijana wakatufikia, wakaanza kucheka: wazee, mnapandisha jeneza au?

Nikaona aibu. Mtu mzima, miaka hamsini na moja, naona aibu kwa watoto! Nikampita. Sikuinama. Sikuomba radhi. Nilisema, "Baki na umbea wako, mzee. Tutaonana juu."

Akaita, "Haja! Rudi nyuma yangu!" Nikaongeza mwendo. Akaita tena. Nikacheka — ndiyo, nilicheka — maana nilisikia viatu vyake vinanikimbiza. Halafu ukasikika mshindo. Haukuwa wa viatu.

Mguu umevunjika chini ya goti. Na kidonda juu yake. Kwa mtu wa sukari!

Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Hospitali, dada yetu Bakoly alikuja mbio, kofia imekaa upande. "Si ulikuwa nyuma yake?" Hakuuliza kwa ubaya. Mdogo atakuwa wapi kama si nyuma? Nikasema ndiyo. "Sasa hukumdaka?" Nikasema aliniponyoka.

Aliniponyoka! Mdomo wangu huu.

Jumatatu, 4 Februari

Wamemfunga plasta. Nilimpelekea maji ya ukoko wa wali kwenye chupa ya chai, hakuyagusa. Bakoly alikuwepo, anamkunjia shuka. Akamwambia, ushukuru Mungu Haja alikuwa nyuma yako, ungeviringika mpaka uwanjani.

Halafu kaka akasema, "Ndiyo. Nyuma." Akageukia ukuta.

Amenifichia siri. Bora angenitukana mbele ya wodi nzima.

Jumanne, 5 Februari

Tulikutana nyumbani kwa kaka kupanga zamu za hospitali. Shemeji Voahirana alipika kuku. Mkia wa kuku ni wa mkubwa wa nyumba, tangu nizaliwe sijawahi kuuona kwenye sahani yangu. Leo akaniwekea mimi.

"Kula, shemeji. Umembeba mume wangu."

Bakoly akadakia. Mnakumbuka baba alipofariki? Solofo ndiye aliyempandisha huyu ngazi hizohizo kwenda shule, mgongoni, kamasi zinamtiririka shingoni! Sasa Haja amerudisha mgongo kwa mgongo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikatafuna.

Halafu akamgeukia shemeji. "Lakini wifi, vile viatu vya kaka ulivitoa wapi? Soli kama sabuni!"

"Sokoni tu, wifi."

"Sokoni tu. Na mguu wa kaka yangu nao tutaununua sokoni tu?"

Shemeji aliendelea kupakua, wali ukamwagika mkekani. Akaanza kuuokota punje moja moja. Mimi na mkia wa kuku mdomoni.

Jumatano, 6 Februari

Mvua. Sikwenda hospitali. Nilisema nina mafua. Sina mafua.

Alhamisi, 7 Februari

Daktari hapendi rangi ya vidole vya mguu ule. Jumamosi atamruhusu, lakini arudi kila wiki waangalie kidonda. Nikauliza, mguu utabaki? Akasema tusubiri. Sikupenda alivyosema tusubiri.

Shemeji akanivuta barazani. Kanisani wameshaanza kumuuliza habari za viatu. Bakoly hana breki. Vile viatu ameviosha, amevifunga kwenye kitambaa, hajui avitupe au avitunze. Akaniangalia.

"Shemeji, wewe ulikuwa nyuma yake, ulimwona. Kweli ni viatu? Niambie tu. Kama ni viatu, nitajua pa kuanzia kumwomba msamaha."

Nikasema ni mvua. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hataki ugomvi.

Nikarudi ndani. Kaka macho. Kwao gari halifiki, ni ngazi tupu. Nikamwambia Jumamosi nitakubeba mimi. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke akanijibu.

"Watanipandisha wabebaji. Wawili, na kiti."

"Kaka, mgongo wangu si upo?"

"Mgongo wako nimeshauona, Haja. Ulikuwa unapanda."

Shemeji akaingia, akauliza mnazungumza nini. Kaka akasema, hali ya hewa.

Ijumaa, 8 Februari

Nimetembea njia yetu peke yangu. Ziwa, Mahamasina, ngazi. Mama wa vitumbua aliniuliza, yule wa mbele yuko wapi leo? Nikasema anarudi kesho. Akanipa viwili vya kumpelekea, nimwambie paa limezibwa.

Nikagundua nasimama kila alipokuwa anasimama. Vijana wananipita, hakuna mtu mbele yangu, na bado nasimama. Pale alipoanguka kijani kimechubuka kidogo, basi. Andohalo sikunywa kahawa.

Bakoly amepiga simu sasa hivi. Kaka atafikishwa chini ya ngazi saa nne asubuhi, na wote tuwepo. "Wewe Haja utatangulia, uwaonyeshe wabebaji mawe mabovu."

Nikasema, "Sitangulii."

"Nani atangulie, mimi na magoti haya?"

"Kuna jambo nitaeleza kwanza. Kuhusu Jumamosi iliyopita. Shemeji awepo."

Akashusha sauti. Bakoly kushusha sauti! Polepole, "Kueleza nini, Haja?"

Nimesema kesho, nikakata. Amepiga tena mara mbili. Simu inaita hapa mezani, karibu na vitumbua.

Kesho saa nne, ngazi ya kwanza, kabla kiti hakijanyanyuliwa. Nitainama mbele ya kaka, nitatanguliza mkono, niombe ile radhi niliyomnyima. Nitasema nilikuwa mbele. Aliniita nikacheka. Viatu havina kosa — hilo nitalisema nikimtazama Voahirana, na kwa sauti, Bakoly asikie. Kaka akiutaka mgongo wangu, upo. Asipoutaka, kiti kipande, wabebaji wapande, Bakoly na magoti yake apande. Mimi nyuma ya wote.

Inaita tena.