Waziri wa Barabara Ni Baba Mkwe Wangu

Mpendwa Shangazi Mwanarusi,

Naomba msaada, na naomba pia jina langu lisitajwe. Mimi ni mbunge wa huku Igembe, nimebarikiwa, nina mke mwema, Kanana, na watu wangu wananipenda, shida ni kwamba mwaka jana babake Kanana aliteuliwa kuwa Waziri wa Barabara, tukachinja, tukafurahi, kumbe furaha ile ndiyo imenifunga mdomo, kwa sababu barabara ya kuja soko la Kangeta mkandarasi aliiacha nusu, mvua ikinyesha wakulima wanafika miraa imenyauka na pikapu za Nairobi zimeshaondoka, nao wananiambia, "Mheshimiwa, si umuulize Waziri, Jumatano huwa anakuja Bunge," nami nikimwona pale mbele nakumbuka huyo ni muthoni, mkwe wangu, na kwetu mkwe huwezi kumkabili mbele ya watu, basi swali langu likikaribia kuitwa natoka nje kunywa chai, na swali linafutwa. Juzi mama mmoja, Gatwiri, alinimwagia miraa iliyokauka miguuni akasema, "Pelekea mkwe wako hii zawadi." Shangazi, nimuudhi mkwe au niwapoteze watu wangu?

Mbunge Aliyenyamaza

Mheshimiwa, pole, halafu acha ujinga. Eti nifiche jina! Wabunge wangapi wa Igembe wana mkwe waziri? Mji mzima wa Maua umeshakucheka.

Heshima yako naipenda, na huyo mzee amepata mkwe aliyelelewa. Lakini umekaa Bunge muda wote huo na hujaona kwamba hakuna anayemwambia waziri neno moja kwa moja? Kila kitu hupitia kwa Spika. Basi simama, umtazame Spika, useme, "Mheshimiwa Spika, Waziri aeleze mkandarasi atarudi lini Kangeta." Umeongea na Spika, na Spika hamjaoleana. Usiulize "kwa nini", utapewa hotuba. Uliza tarehe, maana ikishatamkwa pale ndani, hata mzee mwenyewe hawezi kuikana.

Kabla ya hapo, Kanana aende kwao amwambie babake kwamba swali linakuja. Hilo ni lake, si lako. Na usishangae mzee akifurahi, kwa sababu waziri akiulizwa Bungeni ndipo hupata nguvu ya kuwasukuma maofisa wake.

Jumatano hiyo usitoke nje hata kidogo. Uliza, kisha keti unyamaze. Kujibu ni kazi ya baba mkwe.