Kushoto kwa Alonzo

Jumatatu, 7 Machi 1927

Kidole kidogo cha kushoto kimevimba. Nimekosa, nimekosa, nimekosa. Mkono wa kushoto unaruka chini kabisa, kwenye sauti nene, kugonga besi, unarudi katikati kubonyeza vibao vitatu kwa pamoja, unaruka tena chini. Chini, katikati, chini, katikati — mbio, bila kupumua. Kwa kusema ni rahisi!

Alonzo amefunika vibao vya piano kwa shuka, mkono wangu umo ndani. Ati nisiangalie. Nikiinamisha shingo tu, ananigonga kisogoni. Mwenye kuangalia ameshachelewa, anasema. Kaka huyu angefaa kuzaliwa askari jela.

Lakini nafanya. Mkono wake wa kushoto umeingia ganzi. Tangu Januari vidole viwili havisikii kitu. Leo asubuhi kikombe kimemponyoka, akakitukana kikombe. Daktari kasema huenda vitarudi, huenda visirudi. Hajui mtu ila mimi. Kazini kwake anaendesha lifti kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hata huko hawajashtuka.

Alhamisi, 10 Machi

Mambo yameiva. Bi Izora ameshagawa kadi za sherehe yake ya kodi ya nyumba, ile ya watu kulipa mlangoni wale, wacheze, naye apate kodi, Jumamosi ya tarehe 26. Jina la Alonzo juu. Chini yake: Askofu wa Baltimore.

Si askofu wa kanisa. Ni mpiga piano, jitu zima na sigara yake, na mwezi uliopita amewashinda watu wawili na kuwaondoa kwenye benchi zao za piano hapo Mtaa wa 133. Sasa anamjia kaka yangu. Benchi la Bi Izora ni la Alonzo kila sherehe, miaka yote, na Harlem nzima inajua; hii ni ya kwanza tangu Krismasi. Asipokwenda, watasema kaogopa. Akienda na mkono ule, watausikia.

Mpango ni wake: katikati ya wimbo nijitome kwa mzaha, niketi kushoto kwake, nichukue besi bila mdundo kukatika. Yeye abaki na mkono wa kulia. Kaka na dada, watu wacheke, wapige makofi, Askofu arudi kwao. Nimekubali. Nimekubali upesi mno.

Jumapili, 13 Machi

Baada ya kanisa, mazoezi. Alonzo ameniambia nisiunyanyue mkono kama mtu anayeruka mtaro. Upite chini chini, ukaribie kuvigusa vibao, na kiwiko kitangulie. Nikajaribu. Ukaenda! Mara ya kwanza ukaenda wimbo mzima!

Bwana Babb wa chini akatugongea dari kwa mpini wa ufagio. Mbarbados yule, Jumapili kwake ni Jumapili. Alonzo akasema mzee ana mdundo mzuri kuliko mimi. Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Halafu nikamwona anausugua ule mkono chini ya meza, na kicheko kikaniishia.

Jumatano, 16 Machi

Bi Izora alileta mashuka pale kwa dobi ninapofanya kazi. Nikamuuliza kama mtu anayepitisha wakati: je, ikitokea dada mtu akamchukulia kaka yake besi, kwa mapenzi tu?

Hakucheka. Alinikazia macho.

"Mwanangu, nyumbani kwangu anayechukua besi kachukua benchi. Awe dada, awe mama mzazi."

Mvuke wote wa mashine ya pasi ukaniingia kichwani. Sheria hii naijua tangu nivae magauni mafupi! Alonzo mwenyewe alilipata benchi hivyo hivyo: alimtelezea mzee fulani kutoka kushoto, akamnyang'anya besi, mzee akavaa koti lake akaondoka. Tumewezaje kujidanganya sote wawili?

Jioni nikamwambia. Akaendelea kula. Ati sheria hiyo ni ya wapiga piano.

"Wewe si mpiga piano, Delia. Wewe dada'angu tu."

Imeniuma. Kidole si kitu.

Jumamosi, 19 Machi

Alonzo yuko kazini mchana kutwa. Nikatandaza shuka mwenyewe, nikafumba na macho juu yake. Nikaanza kwa mwendo wetu. Nikaongeza. Nikaongeza tena — mkono ukawa hauniulizi! Nimepita mwendo anaoupiga yeye kwenye sherehe. Nimerudia, nikarudia. Sikukosa hata pale chini kabisa ninapokosaga siku zote.

Naandika hapa kwa kuwa hapana pengine pa kusema: nalitaka lile benchi. Si kumsaidia. Nalitaka. Nataka watu wakija kwa Bi Izora waseme wamekuja kunisikiliza mimi. Kaka aliyenilea, aliyenifundisha hata kufunga kamba za viatu, na mimi nalimezea mate benchi lake mkono wake ukiwa umekufa.

Sitamwambia kuhusu mwendo huu.

Jumanne, 22 Machi

Bwana Babb, mdomo wake huo! Amekutana na Alonzo kwenye ngazi, nikamsikia akimsifu: Jumamosi mchana ulipiga moto, kijana, hata ufagio nimeusahau. Jumamosi mchana Alonzo alikuwa ndani ya lifti.

Ameingia, amenawa, amekula maharage na mkate wa mahindi. Halafu akatandika shuka, akasema tujaribu. Nikapiga polepole. Nikakosa makusudi, mara mbili. Alikuwa hatazami vibao, ananitazama usoni. Mtu hawezi kumdanganya aliyemfundisha, au naweza? Sijui alichoona.

Nilipomaliza akasema asante. Asante! Tangu tuzaliwe hajawahi kunishukuru kwa mazoezi.

Ijumaa, 25 Machi

Hatukupiga. Amejipigia pasi koti mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nimetaka kumsaidia, akalivuta upande wa pili wa meza.

Jumamosi, 26 Machi

Kwa Bi Izora. Niko chumba cha kulala, nimekaa juu ya makoti ya wageni, yamejaa kitanda kizima. Sikuweza kusimama kule. Harufu ya miguu ya nguruwe na pombe ya jini, na watu wamebanana hata pa kuweka kiwiko hapana. Ukutani nasikia kila kitu.

Askofu amemaliza. Kusema kweli ni hodari. Besi yake kama mtu anashusha magunia ya makaa ngazini, na haachi hata moja. Wamempigia kelele mpaka dirisha limetikisika.

Sasa Alonzo. Kwenye upenyo wa mlango nimemwona akikunja koti lake taratibu, bitana nje, kama afanyavyo, kisha migongo ya watu ikamziba. Ameanza. Mwendo wetu ule ule, vizuri. Anaficha vidole viwili, anapiga kwa vitatu. Wimbo ukizunguka mara ya tatu, naingia. Tulikubaliana hivyo.

Mara ya pili. Nimesimama.

La! Ameongeza mwendo. Kwa nini? Huu si tuliopatana. Ameongeza tena! Kwa mwendo huu yule Delia wa Jumanne hawezi kuingia — angekatika njiani mbele ya watu. Ananifungia mlango. Bora aanguke peke yake kuliko kumpisha mdogo wake. Au Bwana Babb kamwambia yote, na huu ni mwendo wangu wa Jumamosi ile, anautafuta? Ananifukuza au ananiita? Mungu wangu, ndio wenyewe. Ni huo huo.

Besi imekosa. Moja. Mtu amecheka.

Imekosa tena. Mara ya tatu ndiyo hii, imeanza, nami bado naandika kama mjinga. Nikiingia, benchi si lake tena, hata akitaka kuugeuza mzaha wa kaka na dada. Nisipoingia ni la Askofu.

Bi Izora ameingia kuchukua chupa chini ya kitanda. Anauliza kaka yangu ana nini leo, mbona kakaa ukingoni mwa benchi, nusu ya tako iko hewani, ataanguka. Nikamuuliza ukingo upi.

"Wa kulia," amesema. "Kushoto kote wazi, panatosha kukaa mtu mzima."