Kidude cha Beringi

4 Machi

Baba, shikamoo. Hali yako? Kikohozi cha mama je? Mimi mzima, baridi tu inanionea.

Kidude cha mashine ya kusaga nimekimaliza! Nimekiunga mwenyewe chumbani: kipande kimoja kinapima joto, kingine mtikisiko, vyote ndani ya kopo la sabuni. Kifunge juu ya beringi kubwa, ile inayoshika mhimili. Taa nyekundu ikiwaka, zima mashine, usibishane nayo. Mwaka jana beringi ilipasuka ukaponea chupuchupu. Sitaki kusikia tena habari kama ile.

Mwanao, Kitindamimba

20 Machi

Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo, anakohoa nikimtuma tu.

Kidude kimefika, lakini kina kiherehere! Taa inawaka kutwa nzima, wateja wananicheka. Miaka thelathini naijua beringi kwa kiganja changu. Kopo la sabuni la nini?

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba. Sema ukweli: umekifunika na nini?

Mwanao

9 Aprili

Marahaba. Soksi. Niliogopa kitaingia unga, nikakivalisha soksi yangu ya sufu. Mama yako kacheka mpaka kakaa chini. Nimeivua, kimetulia.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo baba. Mbona kimya? Kuna nini huko? Naombeni hata mstari mmoja.

Mwanao

19 Mei

Marahaba mwanangu. Hatujambo. Mwandiko usikutishe, naandika kwa mkono wa kushoto.

Taa iliwaka. Nikaweka kiganja: beringi baridi kabisa. Nikasema, kidude kimeanza tena ujinga wake. Mama yako akapiga kelele, “Unaungua!” Kweli, ngozi ilikuwa inatoa moshi. Yeye ndiye aliyezima mashine.

Mkono umekufa ganzi, mwanangu, tangu mwaka jana. Niliwaficha, nikiogopa mtasema nifunge mashine, na mimi bila kusaga ni nani? Daktari anasema ni sukari, kanipa dawa na masharti kibao. Sasa mama yako anasaga, mimi naangalia taa. Ananifokea kama kibarua wake.

Kuna lingine linanikosesha raha. Siku unaondoka, pale kituoni, ulinishika mkono ukaubana, mimi nikatazama pembeni. Ukapanda basi unalia. Sikuwa na hasira na wewe, binti yangu. Sikujua kama umenishika.

Baba yako