Nilimwahidi Mungu Padri, Mwanangu Anataka Kuoa

Mpendwa Shangazi Adela,

Shikamoo. Sijui kama nakuzidi umri au wewe ndiye unanizidi, lakini nakuamkia hivyo kwa sababu leo nakuja kwako kama mtoto, nimeshindwa. Gazeti lenu huku Sumbawanga linafika likiwa limeshachakaa mikononi mwa madereva, ila ukurasa wako tunaupokezana mpaka unachanika, na ninakuomba unijibu kabla ya Pasaka, kwa maana Pasaka ikipita nitakuwa nimefanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha.

Mimi ni mke wa Baltazari, tunalima mahindi na ulezi hapa Ufipa, ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na mwanangu anaitwa Flavian. Alipokuwa na miaka mitatu radi ilipiga jiko letu, mbuzi waliokuwa wamejibanza ukutani wakafa wote, na yeye aliyekuwa amelala ndani kwenye mkeka tukamtoa akiwa hapumui, nami nikapiga magoti kwenye matope mbele ya majirani nikasema kwa sauti, Bwana, ukinirudishia huyu ni wako, simdai tena, atakuwa padri wako, na kabla sijamaliza kusema mtoto akakohoa. Shangazi, yule aliyekohoa pale sikumhesabu tena kuwa wangu. Jumapili iliyofuata nilimbeba mpaka altareni wakati wa matoleo nikayarudia maneno yale kanisa zima likisikia, na kuanzia siku hiyo kijiji kikamwita Padri, na mimi wakaniita Mama Padri.

Nilimlea kama mali ya wenyewe. Watoto wenzake walipokwenda kulima ntumba, yale matuta yetu ya kufukia majani yaoze yawe mbolea ya ulezi, yeye nilimwacha nyumbani nikisema mikono itakayoshika Hostia haifai kuota sugu, dada zake wakanung'unika nami nikawanyamazisha. Akaenda seminari ndogo, akafika seminari kuu, kanisani nikawa nakaa benchi la mbele, na siku moja akarudi na sanduku lake akasema amesali na kutafakari, amezungumza na walezi wake, huo si wito wake. Hakufukuzwa, afadhali angefukuzwa ningekuwa na wa kumlaumu. Wakati huo biashara ya mazao ilikuwa imeshaachwa huru, malori ya watu binafsi yanashuka bondeni kununua mpunga, akadandia moja mpaka Mtowisa, na sasa yuko huko anaendesha mashine ya kukoboa na analima mpunga wake kwenye lile joto na wale mbu, na huko huko amempata binti wa Kisukuma anaitwa Kabula, wa mzee Malimi mwenye ng'ombe.

Siwezi kusema uongo, binti sina la kumsema. Alipokuja kwetu alipiga magoti kunisalimia, akachota maji bila kutumwa, na anafundishwa dini kwa katekista, atabatizwa Pasaka hii. Lakini niliuliza maana ya jina lake wakaniambia ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mimi mvua ndiyo ninayoiogopa, chakula kikanishinda siku hiyo.

Ninaogopa, Shangazi. Nyinyi wa huko mkisikia Sumbawanga na radi mnacheka, mnadhani nitawaletea habari za wachawi, mimi siongelei wachawi, wachawi nisingewaogopa hivi, ninaongelea Mungu ambaye tuliahidiana naye, yeye akatoa chake na mimi changu sijatoa. Wingu likianza kujikusanya upande wa bondeni naingiza sufuria zote ndani, nafunika kioo, nachoma kipande cha tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, nanyunyiza maji ya baraka mlangoni, na muda wote huo najua ninailinda nyumba ambayo yeye hayumo. Radi ikipiga mbali nasema ndiyo hiyo, imemchukua. Kisha naenda barabarani kungoja lori lipande kutoka Mtowisa nimuulize utingo kama mwanangu yuko salama, na siku hizi utingo wakiniona hawangoji swali, wananipigia kelele kutoka juu ya magunia kwamba mzima, Mama Padri, mzima.

Mwezi wa pili likatokea jambo. Radi ilipiga zizi la mzee Malimi ikaua ng'ombe, na Flavian alikuwa amesimama langoni, ikamtupa chini, sikio moja likakaa siku kadhaa bila kusikia. Alipopanda kuja kutuona alitusimulia akicheka. Mimi sikucheka, nikamwambia hilo ni onyo, kwanza lilikuwa jiko, sasa ni zizi, safari ijayo ni wewe, rudi seminari mwanangu, ukipiga magoti watakupokea. Akaacha kucheka, akasema:

"Mama, nikifa kwa radi, nitakuwa nimekufa kwa radi tu, kama watu wengine. Lakini nikienda upadri kwa kuogopa radi, huyo padri utakayempata ni mwoga, na waumini wake watamjua."

Kabla hajaondoka alisema ndoa haifungwi Kwaresima, kwa hiyo Pasaka ikipita atapeleka majina kwa paroko, watatangazwa Jumapili tatu, na anaomba Jumapili hizo mimi na Kabula tukae benchi moja.

Baba yake anasema Flavian ni mtu mzima, na kwamba radi haina masikio ya kusikia ahadi za watu. Lakini baba yake hakupiga magoti kwenye yale matope, niliyepiga ni mimi. Basi nimeazimia, na hili sijamwambia mtu. Paroko akiuliza kama yupo anayejua kizuizi cha ndoa hii, nitasimama mbele ya watu wote niseme ninakijua, huyu si wa kuoa, huyu ni wa Mungu, nilishamtoa. Najua atanichukia, lakini afadhali anichukie akiwa hai. Kila nikifikiria kusimama naona uso wa mwanangu, na kila nikifikiria kukaa kimya naona moshi wa jiko lile na mbuzi wamelala. Je, nikisimama nitakuwa nimemwokoa? Na nisiposimama, nani atanijibia mbele ya Mungu?

Ni mimi,
Bertila, Sumbawanga


Dada Bertila,

Marahaba, ingawa nahisi tumelingana. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda kuinjika chai, nikarudi kuisoma tena. Pole sana. Mama aliyepiga magoti kwenye matope na mtoto hapumui hana maneno ya kuchagua. Ningekuwa mimi ningeahidi hata maaskofu wawili. Kwa hilo usione haya mbele yangu wala mbele ya mtu yeyote.

Pole yangu inaishia hapo. Sasa nisikilize.

Usisimame. Kizuizi cha ndoa ni kama kijana ana mke mwingine mahali, au hao wawili ni ndugu wa damu, au mmoja kalazimishwa. Hofu ya mama mkwe haimo. Ukisimama paroko atakusikiliza kwa adabu, atakuita ofisini, atakueleza ninachokueleza mimi hapa, na ndoa itafungwa vilevile, ila wewe hutakuwepo. Utakuwa umemwaibisha mwanao pale pale ulipomshukuru Mungu kwa uhai wake. Na umemsahau mtu mmoja, dada yangu. Kabula atakuwa amekaa karibu yako, maji ya ubatizo hayajamkauka kichwani, na jambo la kwanza atakalojifunza katika kanisa lake jipya ni kukataliwa hadharani na mama wa mumewe.

Unasema ulimtoa Flavian. Mtu hutoa kilicho chake. Nimemuuliza padri mmoja ninayemwamini, nikamsimulia habari yako bila kutaja jina wala mahali, naye akanijibu kwa ufupi kwamba nadhiri humfunga yule aliyeiweka tu, haimfungi mwingine hata awe mtoto wa kumzaa. Akasema pia kwamba paroko wako anajua njia ya kukufungulia ahadi ile, au kuibadili iwe kazi nyingine njema utakayoifanya wewe mwenyewe kwa mikono yako. Ajabu yako ni hii: kwa utingo wa malori umekwenda hadi wamechoka kukuona, kwa paroko hujakanyaga.

Nawe unamwogopa Mungu kama wazee wetu walivyomwogopa mtoza kodi ya kichwa, kwamba ukichelewa atakamata mbuzi, kesho atakamata ng'ombe, keshokutwa mtu. Hebu isome tena barua yako. Uliandika kwamba mtoto alikohoa kabla hujamaliza kusema. Ni maneno yako hayo, si yangu. Aliyemrudisha hakungoja umalize kuahidi.

Lipo jingine ambalo halitakufurahisha. Hofu yako ni ya kweli, siibezi, lakini haikai peke yake humo ndani. Mama Padri. Benchi la mbele. Mikono isiyoota sugu, na dada zake wakiinama kwenye ntumba kwa niaba yake. Mapadri ninaowafahamu mimi wana sugu, wengine wanafyatua matofali ya parokia kuwashinda vibarua. Miaka yote hiyo ulikuwa na cheo kijijini, na Flavian akioa cheo kinakwisha, utarudi kuwa mke wa Baltazari kama ulivyokuwa. Linauma, nalo lina haki ya kuliliwa. Lilie, ila usimsingizie Mungu machozi yote.

Kuhusu radi sitakudanganya. Ipo, inaua, na inaua hata waliotimiza nadhiri zao. Mwambie mwanao mvua ikianza kunguruma atoke shambani, jembe aliache huko huko, asisimame langoni pa zizi wala chini ya mti, aingie nyumbani mpaka ipite. Mwambie mara moja, kama mama, kisha unyamaze. Kinga uliyo nayo juu yake ni hiyo tu, na ni ndogo. Wazazi wote tunayo hiyo hiyo ndogo, tunalala nayo na kuamka nayo, na hakuna aliyewahi kuongezewa.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nenda kwa paroko umwambie yote, hata hili la kutaka kusimama. Atakachokupa kukifanya kifanye wewe, usimtume mtoto. Ukirudi mkalishe Baltazari umweleze ulichokuwa umekiazimia, maana mume aliyekuvumilia na tawi la kuchoma na vioo vilivyofunikwa hastahili kufichwa jambo kama hilo. Kabula akibatizwa uwepo, na mkono wa pongezi uwe wako kabla ya mkono wa mtu mwingine. Barabarani kungoja malori, acha kwenda. Hili ndilo litakalokuwa gumu kuliko yote, na siku za kwanza utaona kama unamtelekeza.

Halafu zitafika hizo Jumapili tatu. Siwezi kukuahidi kwamba hofu itakuwa imekwisha. Huenda siku hiyo wingu litakuwa limetanda mpaka kanisani kumeingia giza, na paroko atakapouliza kama kuna mwenye neno, watu wote waliokuita Mama Padri watageuza shingo wakutazame wewe. Siku ile ya matope ulisema tu kwamba umemtoa. Sasa ndipo utamtoa kweli, kwa kumwachia. Miguu ikitaka kusimama, shika benchi kwa mikono yote miwili, Bertila, na ukae.

Shangazi Adela