Usiiguse Bunduki ya Baba

Mwanangu, usiiguse bunduki ya upepo iliyo jikoni. Mtungi wake bado una upepo, na sijui kama ndani kuna risasi. ~~Itoe nje.~~ Hapana, iache hapo hapo, funga mlango, mpigie fundi wake. Chai iko kwenye chupa.

Nampeleka baba yako hospitali. Asubuhi alipaka mafuta ya kupikia kwenye mdomo wa kujazia upepo, eti unakwama. Nikamkumbusha fundi alivyosema: mafuta yakikutana na upepo wa nguvu yanalipuka. Akanicheka, “Haya, Mama Fundi!” Akajaza. Yakamlipukia usoni. Ubishi wake huu!

Sasa kasimama mlangoni, ananiuliza kwa nini nimezima taa. Mwanangu, jua limejaa nyumba nzima.

Mama