Nafasi ya Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Novemba

Mazoezi kabla ya kazi. Ukumbi baridi, taa moja haiwaki. Nimepiga mpira mweusi wa snuka mara arobaini kutoka mahali pale pale. Nimekosa mara kumi na moja. Zamani ningekosa mara tatu na kukasirika siku nzima.

Orodha mpya imebandikwa mlangoni. Mimi ni wa kumi na sita. Miaka saba nimo ndani ya kumi na sita bora, na sasa nimeshika ukingo kwa kucha. Walio ndani wanaingia mashindano yote ya mzunguko moja kwa moja. Kuanzia wa kumi na saba kwenda chini ni mchujo, kugombania mlango na vijana ambao hata kufunga vifungo vya kizibao hawajui. Pointi huhesabiwa za misimu miwili. Zangu za msimu wa juzi, nilipofika nusu fainali, zimefutwa. Zimezeeka. Kama mimi.

Mama Sifa ameuliza kwani nikitoka kwenye hiyo orodha nitakufa. Ameuliza huku anachambua mboga, wala hakuinua kichwa. Mimi ni karani wa vipuri Kariobangi, natoa bolti na kuandika risiti. Pale mezani tu ndipo watu hunyamaza nikiinama. Hilo sijui namna ya kumweleza.

Jumatano, 5 Novemba

Mutua alikuja jioni kama kila Jumatano. Dereva wa lori, anakaa mtaa wa Fedha. Miaka sita tunafanya mazoezi pamoja. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mpira mweupe kwa chini ili urudi nyuma. Leo amenipiga fremu nne kwa moja. Mpira mweupe unamrudia kama mbwa aliyeitwa.

Yeye ni wa kumi na saba. Jumamosi ni shindano la mwisho la msimu. Nikishinda mechi yangu ya kwanza, nimebaki. Nikishindwa, nitabaki mradi Mutua naye ashindwe. Akishinda yeye nikashindwa mimi, tunabadilishana viti.

Tulilijua hilo wote wawili. Tukazungumzia bei ya dizeli.

Nina wivu naye. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepiga pasi kizibao mwenyewe. Ushirika ulikuwa kwetu, Komarock. Mchungaji akaniombea: "Ndugu yetu Wafula na mambo yake ya pool." Snuka, si pool. Miaka saba naeleza. Nilisema amina kwa uchungu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeshindwa. Tatu kwa moja, na jamaa wa Nakuru anayetafuna njugu kati ya fremu. Bluu rahisi ya fremu ya nne, bluu ambayo hata mwanangu Sifa angeiingiza, nikaikosa. Mkono ulikuwa wangu, siwezi kumsingizia mtu.

Lakini siku haikuishia hapo, na natamani ingeishia hapo.

Raundi za kwanza hatuna marefa wa kuajiriwa. Desturi ni kwamba aliyeshindwa anabaki kuchezesha mechi inayofuata kwenye meza ile ile. Nimefanya hivyo mara nyingi, nikinung'unika. Leo mechi iliyofuata kwenye meza yangu ilikuwa ya Mutua na Otieno wa Kisumu. Yaani mechi ya kuamua nafasi yangu, na refa ni mimi.

Nilimfuata msimamizi. Nikamwambia hii haifai, niweke meza nyingine. Akaniangalia juu ya miwani. "Mzee Wafula, sheria ni ya wote. Ukikataa kuchezesha nakukata pointi." Pointi zenyewe ndizo nilizokuwa nikizifia. Nikavaa glavu.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyesema hivyo hakuwahi kushindwa halafu akavishwa glavu nyeupe.

Kabla hatujaanza, mtu kwenye mabenchi akapaza sauti: "Hii ni mechi ya refa bana!" Watu wakacheka. Mutua hakucheka. Mimi nilicheka, kicheko cha mpumbavu. Kuanzia hapo nilihisi macho yote yako mgongoni mwangu.

Wakafika mbili kwa mbili. Fremu ya mwisho. Mezani imebaki bluu, pinki na mweusi. Otieno anaongoza kwa pointi nane. Mutua akainama juu ya pinki ili aifikie bluu, na pindo la kizibao chake likaigusa pinki. Ikasogea. Upana wa ukucha, si zaidi. Niliiona kama ninavyoiona kalamu hii. Otieno alikuwa amekaa, anafuta fimbo yake. Mabenchi yako mbali. Hakuna mwingine aliyeona.

Kugusa ni faulo. Pointi sita kwa Otieno, na Otieno anaingia mezani na bluu iko mdomoni mwa mfuko. Mutua kwisha. Mimi nimebaki.

Kwetu mchezaji akigusa mpira husema mwenyewe. Hata bingwa. Mutua alisita kidogo, ameinama vile vile, fimbo imetulia. Hakusema kitu. Nikajua hakuhisi.

Basi ni kazi ya refa. Neno moja. Lilifika kooni. Nikayasikia mabenchi kabla hayajasema: ameona wasichoona wengine, amejiamulia mechi yake. Nani angeniamini? Ningebaki wa kumi na sita, na kila ukumbi nitakaoingia watu wangenong'ona.

Nikanyamaza.

Mutua akapiga bluu, ikaingia. Pinki. Mweusi. Safi zote. Na ni mimi niliyetangaza, kwa sauti yangu, fremu na mechi ni ya Mutua. Wakampigia makofi. Mmoja wa mabenchi akanigonga bega: "Refa fair kabisa." Nilitaka kumtapikia viatuni.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Wa kumi na saba.

Jumatatu, 10 Novemba

Kazini nimempa mteja bolti za namba siyo, mara mbili. Nawaza mambo mawili tu. Kwanza, nilikuwa na haki ya kusema. Pili, Otieno. Otieno alidhulumiwa na refa mwoga na hata hajui. Amerudi Kisumu akidhani ameshindwa kihalali. Hilo sikulifikiria hata kidogo pale mezani. Nilijifikiria mimi na mabenchi.

Mama Sifa amepika samaki, siku ya kazi. Ananionea huruma. Bora angenisema.

Jumanne, 11 Novemba

Mutua amekuja kaunta, Kariobangi, mchana. Alisubiri wateja waishe. Kofia mkononi, mtu ambaye havui kofia hata akila.

"Mzee wangu, ile pinki niliigusa."

Nikamwuliza pinki gani. Ujinga.

"Si unajua. Niliisikia na shati. Nikangoja uite faulo. Nikakungoja kabisa. Nikaona umenyamaza, nikajua mzee ameamua kunipea. Nani hufanyia mtu hivyo? Hata babangu hangefanya. Mungu akubariki, walai."

Macho yake yalikuwa mekundu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, juu ya kaunta, mbele ya fundi aliyeingia wakati huo kutafuta beringi.

Kwa hiyo alihisi. Alihisi, na alikuwa na mdomo. Sekunde zile alizoinama alikuwa ananisubiri mimi, na mimi namsubiri yeye, na Otieno anafuta fimbo.

Nilitaka kumwambia: sikukupa. Nisingekupa kitu kile hata ungekuwa mwanangu. Niliogopa watu, basi. Na wewe umeiba halafu umekuja kunishukuru kwa kukushikia mfuko.

Nikamwambia, "Haya, cheza vizuri msimu ujao."

Namchukia. Halafu najichukia zaidi, maana yeye alau amesema.

Jumatano, 12 Novemba

Sikwenda mazoezini. Mutua amepiga simu mara tatu.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo ni siku ya mwisho ya kurudisha fomu za mchujo. Asubuhi nikaenda ukumbini kuchukua yangu. Ukurasa wa pili unataka mchezaji wa eneo lake aliye ndani ya kumi na sita amdhamini mwombaji: jina, sahihi, na maneno machache juu ya tabia yake. Miaka yote nimewatilia vijana sahihi hapo bila hata kusoma.

Eastlands nzima, upande wetu huu wa Nairobi, tulikuwa wawili tu ndani ya kumi na sita, mimi na mzee wa Buruburu aliyehamia kwa binti yake Eldoret. Sasa aliyepo ni mmoja.

Mutua alikuwa mezani peke yake. Akaniona na karatasi, akaelewa. Akaweka fimbo chini, akajifuta chaki kwenye suruali, akaandika taratibu, akiegemea ubao wa meza. Kisha akanirudishia.

Chini ya tabia ameandika: "Ni mtu wa haki. Mimi ni shahidi."

Nilisoma mara mbili. Sikumwomba afute. Nikakunja fomu, nikaipeleka dirishani.