Ushuhuda Niliotakiwa Kuutoa

Shemeji yangu mpendwa,

Huku sisi wazima, ukiacha kikohozi changu. Binti yako amepata kazi kwa fundi cherehani, na anakula vizuri.

Mchungaji alinitaka nitoe ushuhuda, jinsi Mungu alivyoniokoa vitani. Binti yako akatua sufuria. "Baba mdogo, ukisema wewe Mungu alikusikia, basi baba yangu Mungu hakumsikia. Ukisema hivyo, kanisani sikanyagi tena."

Nikamweleza mchungaji. Akacheka kidogo. "Mzee wangu, hayo ya kwa nini mwachie Mwenyezi. Wewe tupe ushindi, watu waseme amina."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa. "Mimi na kaka tulipiga magoti kando ya mto. Yeye ndiye aliyeomba, mimi niliitikia tu. Nikavuka, yeye akapigwa risasi majini. Nimeisoma Biblia miaka yote hii, sababu sijaiona. Bado naomba."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akawaashiria wanakwaya waimbe haraka.

Binti yako, aliyekuwa ameketi nyuma, alitembea nami mpaka mlangoni kwetu. Ndipo akauliza, "Baba aliomba nini?"

Nikamwambia jambo ambalo hata wewe nilikuficha, shemeji, maana sikujua ungelibeba vipi. Kaka hakujitaja hata mara moja. Aliomba wewe na huyu mtoto wako, mliokuwa mmetangulia, mfike salama.

Binti yako alibaki amesimama nje, ufunguo mkononi. Mpaka naandika haya hajaingia ndani.

Mwandikie wewe, mama yake, uliyefika naye salama.

Wako katika kuomba na kuuliza,
Shemeji yako